Bakuli la Chanda

Jumanne iliyopita nilikuwa nimekaa jikoni napeta mchele, nikasikia mtu anapiga hodi kwa sauti ya kizee kama yangu. Nikasema karibu. Haingii. Nikasema tena, karibu mama, mlango uko wazi. Kimya. Halafu ile sauti ikasema, "Tusekile, mlango huu naruhusiwa kupita, au ni wa ng'ombe?" Basi ungo ulinitoka mikononi, mchele ukamwagika wote, kuku wakaona sikukuu imefika, na mimi nikabaki pale chini nacheka mpaka mjukuu wangu akaja mbio kutazama bibi kapatwa na nini. Kwa sababu duniani kote yupo mtu mmoja tu wa kuniuliza swali hilo, na mtu huyo sikuwa nimemwona tangu nikiwa msichana. Nilidhani amekufa. Kumbe yuko mlangoni kwangu, ameshika fimbo na kikapu, meno yamepungua, macho ni yale yale. Chanda. Nikamwambia, "Pita tu, ng'ombe walishahama." Akapita. Tukashikana, vibibi viwili, tukayumba kama walevi, na neno la kwanza nililoweza kutoa ni kumuuliza habari za mdogo wake. "Mulenga yupo," akasema. "Ana magoti mabaya na wajukuu wengi. Amesema nikusalimie, na nikuulize kama ule mtumbwi bado upo." Hapo nikaanza kulia, lakini kulia kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Ngoja niwaeleze. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, kabla ya vita, na mimi nilikuwa sijavunja ungo. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Lugano, huku huku ziwani upande wa Matema, chini ya milima. Kwetu mtu akiolewa huwa anapewa mdogo wake wa kike amsaidie, na mimi ndiye niliyepewa. Nyumba yake naiona mpaka leo. Kuta za mianzi zimesimama wima kama watoto wa shule, ndani zimekandikwa udongo laini, sakafu inang'aa. Upande mmoja wanalala ng'ombe, upande mwingine tunalala sisi, na milango miwili, wa watu na wa ng'ombe. Asubuhi harufu ni ya moshi, maziwa na majani ya mgomba yaliyolowa, maana mvua ya huku mnaijua, inanyesha kama inadai kitu. Na juu ya kitanda cha dada palikuwa na mikeka miwili mipya imeviringishwa, ambayo hakuna aliyeilalia. Mimi niliiona kila siku nikifagia. Mikeka hiyo msiisahau.

Siku moja mwalimu wa misheni akaja na watoto wawili. Msichana kama wa miaka tisa, ndiye Chanda, na mvulana kama wa sita, Mulenga. Walitoka mbali sana, ng'ambo ya mto Songwe, walikuwa wametekwa na kutiwa kwenye msafara wa watumwa, askari wa boma wakaukamata ule msafara, na watoto wasiokuwa na mtu wakagawiwa kwenye nyumba za Wakristo walelewe mpaka ndugu zao wapatikane. Mwalimu alikuwa mtu wa hapa hapa, Mnyakyusa kama sisi, mwembamba, ana kofia aliyoishika mkononi zaidi kuliko kuivaa. Akaongea na dada nyuma ya nyumba, mimi niko ndani natenga ndizi, na ukuta wa mianzi hauzuii neno. "Lugano, nikwambie ukweli," anasema. "Nyumba ya kwanza walikaa siku tisa, wakakimbia. Tumewatafuta siku mbili. Bwana misheni amesema wakikimbia na hapa, atawatenganisha. Msichana atapelekwa kituo cha mlimani kwa akina mama, mvulana atabaki bondeni na wavulana. Wakiwa wawili wanapeana moyo wa kukimbia." Dada akasema, "Hawatakimbia." Mwalimu akasema, "Kule kwa kwanza pia walisema hivyo. Nitakuwa nakuja kila Jumamosi kuwaona." Nikageuka, nikamkuta yule msichana amesimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote. Kinyakyusa alikuwa hajakijua vizuri, lakini neno la kutenganishwa mtoto wa namna ile analijua katika lugha zote. Alikuwa amemshika mdogo wake kifundo cha mkono, amekaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Kwa watu wazima Chanda hakuuliza kitu. Hata kimoja. Dada anamwambia kaa, anakaa. Anamwambia kula, anakula. Lakini tukifika kijitoni kuosha vyombo, anatazama nyuma, anatazama migombani, halafu ananiambia kwa Kiswahili cha njiani, ambacho ndicho Kiswahili changu cha kwanza, shule yangu ilikuwa ni yeye, "Nina swali." Nikamuuliza mbona humuulizi dada? Akasema, "Kule njiani Mulenga aliuliza maji yako wapi, akapigwa. Tangu siku hiyo nauliza mimi, na nauliza mtu mdogo." Basi nikawa mtu mdogo wa kuulizwa. Nilifurahi sana, nisiwadanganye. Nyumbani kwa dada nilikuwa natumwa tu, Tusekile kuni, Tusekile maji, na hapa nimepata watu wawili wanaonitazama mdomoni kama mimi ni kitabu.

Na maswali yenyewe hayakuwa makubwa. Tupite mlango gani. Mkojo ukimtoka mtoto usiku tumwambie nani. Ndizi mbivu iliyoning'inia ni ya mtu au ni ya njaa. Mama tumwite mama, au atakasirika kwa sababu hakutuzaa. Kwa nini baba wa nyumba anakwenda kula na wanaume wenzake, amegombana na mama? Nikajibu yote. Niliyoyajua nilijibu, na nisiyoyajua nilijibu kwa sauti kubwa zaidi. Mulenga akauliza kwa nini mvua hapa haikatiki, nikamwambia ziwa likijaa linamwagikia juu. Alikubali. Siku nyingine Chanda akaniuliza, "Mtu akitaka kujificha hapa, anajificha wapi?" Nikadhani anataka michezo. Nikampeleka ufukweni, wanakotia nanga wanawake wa Kikisi wanaoleta vyungu kubadilishana na mahindi yetu, nikamwonyesha mtumbwi mkuukuu uliogeuzwa juu ya magogo ukauke. Nikamwambia, "Hapa hata mimi sipatikani." Akaingia, akajipima, akatoka, akasema, "Wawili tunaenea." Na mimi mjinga nikacheka.

Lakini lipo swali moja la Chanda lililonikaa. Alikuwa anaosha bakuli, lile la mti alilopewa na dada, akauliza bila kunitazama, "Mtu akitaka kuongezewa chakula anasemaje?" Nikamwambia hasemi kitu, anasukuma bakuli mbele kidogo, mama mwenyewe anaona. Nikamwonyesha juu ya mchanga. Akajaribu. Akasukuma mara tatu nne, kama mtu anayejifunza kuandika. Nikajua jioni atasukuma. Jioni ikaja, ndizi na maharage, na usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga. Akamaliza. Namtazama. Bakuli amelibana katikati ya magoti. Kesho yake vile vile. Dada ananiambia tukiwa wawili, "Huyu mtoto anashibaje na kile kidogo? Nikimwongezea bila kuomba anamwekea mdogo wake." Nikanyamaza, maana Chanda aliniapisha. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulima mpunga, mnanijua.

Sasa, pamoja na kujibu kote huko, jambo moja sikulisema, kwa sababu hawakuliuliza, na hawakuliuliza kwa sababu hawajaliona. Kwetu zamani mke hakutani na baba mkwe wake. Hamwangalii, hali naye, hatamki jina lake, hata sauti yake baba mkwe asiisikie. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika nguo kichwani, anachutama kichakani mpaka apite. Dada alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini hilo hakuliacha, na hakuna aliyemwambia aliache. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa kama jua kuchomoza. Nani anamweleza mgeni kwamba jua linachomoza?

Ilikuwa Jumamosi. Shemeji alikuwa amekwenda kubeba mizigo ya boma, dada na wale watoto wanapalilia maharage kwenye migomba, mimi nimetumwa ufukweni kutafuta samaki. Baba mkwe wa dada, mzee Mwakisu, alikuwa amesikia kwamba mwanawe amepewa watoto wa kulea, akaamua kuja kuwatazama. Akaja na wazee wenzake wawili, na kibuyu cha maziwa. Mzee mrefu, mkuki mkononi kama wazee wote wa wakati ule, na kiunoni pete za shaba nyingi zinazogongana akitembea, ndiyo mavazi ya watu wenye ng'ombe zao. Akakohoa kwa mbali, kama adabu inavyotaka, ili mkwe apate kujiondoa. Dada aliposikia kile kikohozi akatupa jembe, akajifunika, akakimbilia ndani ya migomba asionekane. Hakusema neno, maana asingeweza. Hebu kaeni mahali pa Chanda. Unalima na mama. Unasikia vyuma vinagongana. Mama anatupa jembe anakimbia. Unainua macho, wanaume watatu na mkuki.

Niliporudi na samaki nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda uani, wenzake wamesimama, wanaulizana. Nikazunguka nyuma ya nyumba, dada yuko kwenye majani ya mgomba, analia kimya. Akaninong'oneza, "Wamekimbia, Tusekile. Niliwaona wanakimbia na sikuweza kuwaita. Ningewaitaje, mzee yuko pale?" Nikasema, "Leo Jumamosi." Akasema, "Najua leo Jumamosi." Nikaacha samaki pale pale, paka wa jirani akapata bahati yake, nikakimbia. Sikukimbilia njia kuu wala mlimani. Miguu ilijua yenyewe.

Ufukweni bibi mmoja wa Kikisi alikuwa amekaa juu ya ule mtumbwi uliogeuzwa, anakwangua chungu kibichi kwa kipande cha kibuyu, taratibu, kama hana habari na dunia. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Bibi, umeona watoto wawili?" Akasema, "Watoto sijaona." Nikasema, "Kweli, bibi?" Akageuza chungu chake, akakwangua upande wa pili. "Nimeona miguu minne inaingia chini ya hiki nilichokalia. Lakini wewe hukuniuliza habari ya miguu." Nikalala kifudifudi kwenye mchanga, nikachungulia. Macho manne. Nikajiburuta nikaingia, tukawa watatu, tumebanana, panatoka harufu ya samaki wa miaka mingi. Chanda ananong'ona, "Wamemkamata mama?" Nikasema nani amkamate? "Wale wenye vyuma." Nikasema yule ni baba mkwe wake. Ameleta maziwa. Nilisikia moyo wake, au labda ulikuwa wangu.

"Kwa nini mama amemkimbia?"

"Anamheshimu."

"Mtu mnayemheshimu mnamkimbia?"

"Siyo wote. Huyo tu, na mke wa mwanawe tu."

"Na msiyemheshimu?"

Nikafikiri. "Huyo tunakaa naye tu."

Juu yetu yule bibi alikuwa ameacha kukwangua. Mulenga alikuwa anasikiliza, kidole mdomoni. Nikawaeleza yote, kikohozi, nguo ya kichwani, pete za shaba, na wakati naeleza nikajisikia vibaya, maana nilikuwa nimewaambia mpaka sababu ya mvua, ya uongo, na hili la kweli nikaliacha. Chanda akasema, "Mwalimu akija leo ataambiwa tumekimbia." Nikasema, "Tukiwahi, hatakuwa amefika." Tukatoka mbio. Yule bibi akasema nyuma yetu, bila kugeuka, "Miguu sita sasa."

Hatukuwahi. Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama na kofia yake, mzee kwenye kigoda, na uso wa mwalimu umechoka. "Mzee," alikuwa anasema, "ndiyo kawaida yao. Nilimwonya Lugano. Wakipatikana nitawachukua, kila mtu na njia yake." Mtu wa kueleza alikuwa dada, naye yuko nyuma ya nyumba, vidole vya miguu yake naviona chini ya majani, na mdomo wake umefungwa na desturi. Nikapiga magoti nieleze mimi. Na mimi, Tusekile, ambaye mpaka leo nikianza kusema mnasinzia, siku hiyo ulimi ulikauka kama jani la tumbaku. Nikafungua mdomo, hewa tupu.

Mulenga akajichomoa mkononi mwa dada yake. Akaenda mpaka mbele ya kigoda, akachutama kama nilivyomfundisha, akamwamkia, "Mwagonile, tata." Mzee akaitikia. Mulenga akasema kwa Kinyakyusa chake kilichovunjika, "Hatukukimbia. Tulikuheshimu."

"Mlinifanyaje?"

"Tulikuheshimu. Mama amekuheshimu mpaka kwenye migomba. Sisi tumekuheshimu mpaka ziwani."

Basi nyuma ya nyumba, ndani ya majani, dada yangu akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, kirefu, cha mtu aliyekuwa analia, na baada yake kimya cha hofu, maana miaka yote ya ndoa yule mzee hajawahi kusikia sauti ya mkwe wake. Wale wazee wawili wakaangalia chini. Mzee Mwakisu akainua uso akatazama paa la nyumba, polepole, akasema, "Huko nyuma kuna kuku anataga." Halafu akaanza kutikisika. Pete za shaba zikagongana kiunoni, na nikaona kwamba anacheka, machozi yanamtoka, anajifuta kwa kiganja. Nimewaona wazee wengi wenye adabu katika maisha yangu, lakini mwenye adabu kama ile ya kuku sijampata mwingine.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama Chanda. Akamuuliza, "Na kule nyumba ya kwanza?" Chanda akatazama ardhi. Akasema, "Kule pia akaja mzee. Mama akatupa kikapu akakimbia." Mwalimu akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Alizaliwa hapa, amekua hapa, mama yake mwenyewe alikuwa anachutama kichakani, na hakuna siku aliyowauliza wale watoto kwa nini. Hapo ndipo Chanda akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue. Akainua kichwa, akamuuliza mtu mzima. "Tukibaki, tutabaki wote wawili?" Mwalimu akasema, "Wote wawili." Mzee akasema, "Na maziwa haya yanywewe kabla hayajaganda, nimeyabeba mbali."

Wakakaa nasi mpaka mvua za mwaka wa pili. Mimi nikabadili kazi yangu. Sikusubiri tena kuulizwa. Asubuhi natembea nao naeleza hata yasiyo na maana: huyu atamkwepa yule, yule hatataja jina la huyu, ngoma ile siyo ya vita, moshi ule ni wa vyungu vya Wakisi. Na la mvua nilimwambia Mulenga ukweli, kwamba sijui. Akahuzunika, alikuwa amelipenda lile la ziwa. Halafu mjomba wao akapatikana ng'ambo ya Songwe kwa njia ya misheni, wakaondoka wakiwa pamoja, Mulenga amepanda mabegani mwa mtu, Chanda anageuka nyuma kila hatua. Nimelea watoto wengi wa watu baada ya hapo, wa vita, wa homa, wa ndugu waliokwenda machimboni wasirudi, na kila aliyeingia kwangu, kabla ya kumpa chakula, nilimshika mkono nikamzungusha. Huu mlango. Haya maji. Huyu bibi anayepayuka usimwogope, ndiye mimi. Wajukuu zangu mnanicheka. Sasa mnajua ilikoanzia.

Jumanne nilimpikia Chanda chakula kile kile, ndizi na maharage, na usipa. Tukala chini kwenye mkeka, viti vipo, hatukuvitaka. Akala kimya, akamaliza, akabaki anachezea ukingo wa bakuli. Akasema, "Tusekile, lipo swali moja sikukuuliza. Niliogopa jibu. Dada yako alitutaka, au misheni walimpa tu?" Miaka yote hiyo alikuwa amelibeba hilo, kwenda nalo ng'ambo, kuolewa nalo, kuzaa nalo.

Jibu nilikuwa nalo siku zote. Nikamwambia, "Mwalimu hakuja kumwomba dada. Dada ndiye alikwenda kuomba. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza wakamwambia bado ni msichana mdogo. Mara ya pili wakamwambia mmeshapelekwa nyumba nyingine. Mara ya tatu, aliposikia mmekimbia huko, alisuka mikeka miwili usiku na mchana, akaibeba kichwani mpaka misheni, akaitandika mbele ya mwalimu, akasema, 'Nimeshasuka. Sasa niambie nitamlaza nani.' Mikeka ile ikarudi nyumbani ikakaa juu ya kitanda inawasubiri. Mimi nilikuwa naifuta vumbi."

Alitazama nje, mvua ilikuwa imeanza, ile ile. Halafu, bila kunitazama, akanyoosha kidole kimoja, akalisukuma bakuli mbele kidogo.

Nikachota. Nikajaza mpaka juu.